Ukurasa wa 11: habari ambayo vitivo vya sheria haviandiki

Msimu wa mahafali ukikaribia, vitivo vya sheria vya huku kaskazini huanza kutoa habari zao. Ukizisoma za miaka mitatu mfululizo utaona vichwa vinajirudia. Mhadhiri ametunukiwa shahada ya uzamivu huko Ulaya. Mwingine amechapisha makala katika jarida la nje. Wanafunzi wamefika nusu fainali ya mahakama igizo, yale mashindano ya kutetea shauri la kubuni mbele ya majaji. Mhitimu ameteuliwa kuwa jaji, mwingine amepata kazi katika moja ya mahakama za kimataifa zilizopo Arusha. Picha za majoho, picha za vikombe, picha za mikono inayopeana vyeti.

Nazisoma kwa moyo mweupe. Aliyehangaika miaka saba na tasnifu anastahili kupongezwa, na mwanafunzi aliyesimama mbele ya majaji wa kigeni bila kutetemeka anastahili zaidi. Lakini kuna jambo linalonikereketa kila mara, na mwaka huu nimeamua kuliandika. Karibu habari zote hizo zinahesabu umbali: nani amefika mbali kiasi gani kutoka hapa. Sioni habari inayoniambia kama mtu anayeishi kilomita tano kutoka lango la chuo anaielewa sheria kuliko alivyoielewa mwaka jana. Na katika nchi iliyobadilisha lugha ya mahakama zake mwaka 2021, kukosekana kwa habari hiyo ni jambo zito.

Nina sababu ya kuliona hivyo.

Shangazi yangu anaishi Uru, juu ya Moshi mjini. Mwaka 2018 alikuwa na shauri la kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba linalozunguka nyumba, katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake akadai kwamba nusu ya chini ya kihamba, ile inayopitiwa na mfereji, ilikuwa ya marehemu baba yao na haikuwahi kugawiwa. Mashahidi walisema kwa Kiswahili, wazee wa baraza waliuliza kwa Kiswahili, shangazi alijibu kwa Kiswahili. Kisha hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza, kama sheria ya mabaraza hayo ilivyokuwa ikitaka wakati huo. Siku ya kusomwa, alichokipata shangazi ni maneno mawili matatu ya muhtasari, kwamba madai yamekubaliwa kwa sehemu.

Alirudi nyumbani akiwa ameelewa kwamba sehemu yake imechukuliwa. Alilia usiku ule, na kesho yake akaanza kukata ndizi changa ili angalau zisiliwe na wengine. Karatasi za hukumu alizifunga ndani ya mfuko wa nailoni akaziweka juu ya kabati. Zikakaa pale. Kukata rufani kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu kuna muda wake, siku 45 tangu uamuzi kutolewa, na siku hizo zilikuwa zinakwenda huku karatasi zikiwa juu ya kabati.

Siku ya 38 nilishuka naye Moshi mjini kutoa nakala. Tuliingia katika stationari moja karibu na stendi. Kijana aliyekuwa kwenye mashine ya fotokopi alikuwa akipanga kurasa, mara akaanza kuzisoma. Akamwuliza, "Mama, nani amekwambia umeshindwa?" Shangazi akamwambia, "Mwanangu, walisema wenyewe." Yule kijana akafungua ukurasa wa 11, akavuta kiti, akamsomea mstari kwa mstari. Baraza lilikuwa limelikataa dai la nusu ya kihamba. Lililokubali ni kipande chembamba ng'ambo ya mfereji, nacho kwa sharti kwamba mpaka wa masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, upimwe upya mbele ya uongozi wa kijiji. Alichukua penseli akaandika maana yake pembeni mwa kila aya, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mdogo unaosomeka. Hakuandaa hati yoyote, kwa sababu sheria ya mawakili hairuhusu mtu asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo, na yeye alilijua hilo vizuri. Alimsomea tu. Hakutaka hata shilingi ya ziada juu ya bei ya nakala.

Alikuwa na shahada ya sheria ya chuo kimoja cha huku huku kwetu. Alikuwa anatafuta ada ya kwenda kusoma uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam.

Huyo ndiye mhitimu ninayemfikiria kila nikifungua habari za kitivo. Hayumo. Hakuna safu ya kumweka.

Sasa turudi mwaka 2021, kwa sababu hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la huruma likawa la kitaaluma. Tarehe 1 Februari mwaka ule, katika kilele cha Wiki ya Sheria Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1. Tangu hapo lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili, na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki ni Kiswahili. Kiingereza kinabaki pale ambapo haki yenyewe inakihitaji. Kabla ya hapo mpangilio ulikuwa wa ngazi: mahakama ya mwanzo Kiswahili kitupu, mahakama ya wilaya lugha zote mbili lakini kumbukumbu kwa Kiingereza, na huko juu Kiingereza. Kadiri shauri lako lilivyopanda, ndivyo ulivyozidi kulipoteza.

Sheria ile iligeuza ngazi. Lakini haikugeuza darasa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River, au wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, anafundishwa sheria ya mikataba kwa Kiingereza, anaandika mtihani kwa Kiingereza, anatetea utafiti wake kwa Kiingereza, halafu anapelekwa fildi katika mahakama ambako kila karatasi mezani ni ya Kiswahili. Pale ndipo anapogundua kwamba hajui kuandika hati ya kiapo katika lugha aliyozaliwa nayo. Anajua kanuni, hana maneno. Karani mwenye elimu ya kidato cha nne anamsahihisha, naye anaona aibu isiyo yake.

Niseme wazi kwamba kazi ya kuyapata maneno hayo ni ngumu, na anayedhani ni ya kutafsiri tu hajawahi kuijaribu. Yapo ambayo yamekwisha kukomaa mahakamani: mdai na mdaiwa, mwomba rufani na mjibu rufani, pingamizi la awali, shauri kutajwa, shauri kuahirishwa, hati ya dharura. Mwananchi wa kawaida aliyewahi kusimama kizimbani anayajua. Lakini chukua neno dhamana. Limebebeshwa mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Mshtakiwa anatoka mahabusu kwa dhamana. Jirani anakuwekea dhamana ukikopa SACCOS. Nyumba unayoiweka rehani benki nayo inaitwa dhamana. Kila mzigo una kanuni zake, na hakimu anayeandika dhamana bila kufafanua anamwachia msomaji achague mwenyewe.

Au chukua kanuni ile ya zamani ya Kiingereza, kwamba mtu aliyekufanya uamini jambo, ukatenda kwa kuliamini, hawezi kugeuka akalikana mbele ya mahakama. Kwenye mashauri ya vihamba inaibuka mara nyingi sana: kaka alikuona unajenga miaka kumi na mbili akanyamaza, leo anasema kiwanja ni chake. Wakili mmoja anaiita kizuizi, mwingine anaiita zuio. Na zuio tayari ni jina la amri ya mahakama ya kusimamisha jambo. Kwa hiyo mlalamikaji anayesoma kwamba mahakama imekubali hoja ya zuio atadhani ujenzi umesimamishwa, kumbe mahakama inasema kaka hana tena mdomo wa kudai. Hilo linaweza kumfanya mtu akate ndizi changa.

Hapa ndipo ninapowaona wahadhiri. Mahakama zinatoa hukumu kwa Kiswahili kila wiki, kila hakimu anachagua maneno yake kwa haraka kwa sababu ana mrundikano wa mashauri. Nani atakaa chini akasoma hukumu mia mbili za ardhi kutoka Arusha, Moshi na Babati, akaona neno lipi linatumika vipi, lipi linagongana na lipi, akapendekeza? Jaji hana muda huo. Wakili analipwa kwa shauri. Baraza la Kiswahili lina wataalamu wa lugha, lakini mtaalamu wa lugha peke yake hawezi kujua kwamba kizuizi na zuio vikichanganywa kuna mjane atapoteza shamba. Ni kazi ya mwalimu wa sheria. Ni utafiti kamili, wenye data, wenye mbinu, wenye mjadala, na mtu anaweza kuufanya miaka kumi asiumalize.

Lakini mfumo wa kupandishwa vyeo vyuoni unatazama makala zilizotoka katika majarida yanayotambulika, na majarida hayo mengi ni ya Kiingereza. Mhadhiri kijana mwenye watoto wawili na mkopo wa nyumba hawezi kulaumiwa akiandika juu ya usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kwa wasomaji wa London, wakati uchambuzi wake wa istilahi za ardhi hautampandisha hata nusu ngazi. Tukitaka habari za kitivo zibadilike, hapo ndipo pa kuanzia. Kuandika mhadhara unaomhimiza awe mzalendo hakutasaidia kitu.

Na hili si wazo geni. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla hata ya uhuru. Mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, mtu aliyetoka ng'ambo, aliona mapema kwamba nchi inayokuja itahitaji sheria katika lugha yake, na orodha yake ya istilahi za sheria za Kiswahili ikachapishwa 1968. Zaidi ya nusu karne imepita. Mgeni alianza kazi ambayo sisi wenye lugha tumeiendeleza kwa kusuasua.

Rafiki zangu mawakili hunipinga, na hoja zao nazijua kwa sababu tumezibishania sana, pale Sanawari, Arusha, na kwingineko. Wanasema hazina yetu ya maamuzi imeandikwa kwa Kiingereza, kuanzia zile hukumu za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni hadi za Uingereza na India tunazozinukuu. Wanasema Arusha ni mji wa mahakama za mataifa, na kijana asiyemudu Kiingereza atabaki kutazama malango yake kwa nje.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya niseme wanafunzi wasome katika lugha mbili, wala sijawahi kusema Kiingereza kifukuzwe. Anayesoma uamuzi wa 1957 kwa Kiingereza afundishwe kuueleza kwa Kiswahili siku hiyohiyo, darasa hilohilo. Ni stadi, na inafundishika.

Hoja ya pili nataka kukaa nayo, kwa sababu inaugusa mji wetu hasa. Arusha imebeba historia ya sheria ambayo miji michache duniani inayo. Ni hapa, ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ambapo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, ikiwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo. Mahakama hiyo ilifunga milango mwisho wa 2015, na taasisi iliyorithi kazi zake ikajengewa ofisi Lakilaki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia hapa 2007. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapa tangu 2001. Watanzania wameongoza humo: hayati Augustino Ramadhani, zao la kitivo cha Dar es Salaam, Jaji Mkuu wa zamani, mwanajeshi na padri, alikuwa Rais wa Mahakama ya Afrika kuanzia 2014 hadi 2016, na Jaji Imani Aboud akashika kiti hicho kuanzia 2021. Nikiwa kijana nilipita nje ya AICC na kuona wanasheria wa mataifa wakiingia na majalada, nikajisikia mji wangu ni mkubwa.

Lakini mahakama hizo zinasikiliza nini? Chukua shauri la vijiji vya Loliondo, lililofunguliwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017. Ololosokwan na vijiji wenzake walikuwa wanaishitaki serikali kuhusu kuondolewa katika ardhi. Septemba 2022 kitengo cha awali kikalitupa dai lao, na Novemba 2023 kitengo cha rufani kikaamuru lisikilizwe upya. Wafugaji walikuja kutoka mbali kukaa katika ukumbi na kusikiliza. Lugha rasmi ya mahakama ile, kwa mujibu wa ibara ya 46 ya Mkataba wa Jumuiya, ni Kiingereza, na ibara ya 137 inakitaja Kiswahili kama lugha ya mawasiliano ya kuendelezwa. Kwa mfugaji wa Ololosokwan, lugha ya kwanza ni Kimaa, ya pili ni Kiswahili, na hukumu kuhusu malisho yake imeandikwa katika ya tatu. Nani alimweleza kilichoandikwa, aya kwa aya, na kwa nini kitengo cha rufani hakikumpa ardhi wala kumnyima, bali kilirudisha shauri nyuma? Hiyo ni kazi ambayo kitivo kilichopo mwendo wa daladala kutoka mahakama ile kingeweza kuifanya wiki hiyohiyo. Kiingereza cha kitivo kingekuwa na faida hapo kuliko mahali pengine popote: mwanafunzi anausoma uamuzi kwa lugha ile, anaueleza kwa lugha hii. Hoja ya rafiki zangu, nikiifuata mpaka mwisho, inanirudisha kwangu.

Kuhusu mashindano ya mahakama igizo sina mengi. Ni mazuri. Yale ya haki za binadamu ya Afrika yanayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Pretoria yamekuwepo tangu 1992 na yamezaa wanasheria wengi hodari. Ningependa tu siku moja kuona vyuo vya Arusha na Kilimanjaro vikishindana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswahili, katika shauri la mirathi ya kihamba au malisho, na hakimu wa kweli wa mahakama ya mwanzo akiwa miongoni mwa waamuzi. Mshindi apigwe picha kubwa sawa na aliyefika nusu fainali ya Pretoria.

Nina mengi zaidi kuhusu msaada wa kisheria. Wanafunzi na walimu wa Dar es Salaam walianza kuutoa tangu miaka ya 1960, wakisikiliza watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikaja kuipa kazi hiyo mfumo, ikawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kijijini waliopata mafunzo ambao si mawakili lakini wanaweza kumwelekeza mtu. Tangu 2023 kuna kampeni ya kitaifa ya msaada wa kisheria inayobeba jina la Rais Samia, yenye mahema na foleni ndefu. Foleni hizo zimenifundisha kitu. Watu hawaji na maswali makubwa ya katiba. Wanakuja na karatasi. Wanazitoa kwenye mfuko wa nailoni, zimekunjwa mara nne, na swali lao la kwanza ni hili: "Hapa wamesema nini?" Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulijibu swali hilo chini ya uangalizi wa mwalimu wake. Hahitaji kuwa wakili. Anahitaji kusoma kwa makini na kusema kwa Kiswahili kinachoeleweka Uru na Mto wa Mbu.

Kitivo kikiweka meza mbili karibu na stendi kila Jumamosi, kwa muhula mmoja kitakuwa kimesoma karatasi nyingi kuliko zote zilizomo maktaba yake. Na kitajua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua: ni maneno gani ya hukumu yanayowapoteza watu. Mhadhiri wa istilahi niliyemtaja juu angepata data yake hapo hapo.

Sasa wahitimu. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wiki zile tulisikia kila mtu akimtupia mwenzake mpira, vyuo vikiilaumu taasisi, taasisi ikivilaumu vyuo, wote wakiwalaumu wanafunzi. Katika kelele hizo kuna swali ambalo halikupewa nafasi yake: hao mamia walio nje ya mstari wa uwakili ni akina nani sasa? Wana miaka minne ya sheria kichwani. Wako kwenye mashine za fotokopi, wako kwenye ofisi za kata, wanauza simu, wanasimamia miradi ya kanisa. Kwa kitivo, mtu huyo hesabu yake imefungwa siku ya mahafali, mpaka atakapoapishwa. Kwa mtu mwenye karatasi kwenye mfuko wa nailoni, ndiye mwanasheria pekee atakayekutana naye.

Ningetaka kitivo kimtafute. Kimwite kwenye kongamano la wahitimu akiwa hana cheo. Kimpe mafunzo ya usaidizi wa kisheria na kumsajili kwa mujibu wa sheria ya 2017, ili anachokifanya kwa penseli akifanye akiwa na kinga na mipaka. Kimwulize anaona nini pale stendi.

Huku kwetu tuna mfano wa kale wa habari ya sheria isiyofanana na hizi za majoho. Mwishoni mwa 1951 utawala wa kikoloni uliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wakili waliyemtegemea alikuwa Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Mwaka 1952 yeye na Kirilo Japhet, Mmeru ambaye hakuwa na shahada yoyote ya sheria, walilipeleka suala hilo hadi Umoja wa Mataifa, New York. Hawakurudi na ardhi. Walirudi na nchi nzima ikiwa imejifunza kwamba malalamiko ya kijiji yanaweza kupangwa hoja kwa hoja na kupelekwa mbele ya dunia. Nikilitazama tukio lile, naona wakili wa mji mdogo aliyekaa na watu mpaka akalielewa neno lao, na mwananchi aliyeielewa sheria mpaka akaweza kuisema mwenyewe. Wamekaa pande mbili za meza moja. Meza ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta katika habari za vitivo vyetu, na Makumira ipo katika ardhi hiyohiyo ya Meru.

Masale ya shangazi yalipimwa Machi 2019. Kipande cha ng'ambo ya mfereji kilipungua hatua nne upande wa shemeji, na pande zote mbili zikakubali bila kurudi barazani. Ndizi alizokata changa zilichipua upya. Hukumu ile bado iko juu ya kabati Uru, kurasa 14 za Kiingereza cha chapa na penseli ya Kiswahili pembeni, imeanza kufifia kidogo upande wa mikunjo. Nimemwomba shangazi ruhusa na amekubali. Mhadhiri yeyote wa Moshi au Usa River anayetaka kuanza kukusanya maneno, nitamletea nakala yake mwenyewe, na tuanzie ukurasa wa 11.